Swali la Kuaga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata harufu yake hunirudia: harufu ya turubai la lori lililozoea dizeli na vumbi. Kaka yangu Bosko alilishusha begani, akalibwaga mlangoni kwetu Bombambili, juu ya sare za shule nilizokuwa nikishona, akasema, "Skola, nishonee tanga."

Tanga, hapa Songea. Ukitoka kwetu kwenda kwenye maji yanayobeba mashua, siku hizo ulisafiri kutwa nzima kupitia Mbinga, ukashuka milima mpaka masikio yakaziba. Lami hii mnayoteleza juu yake ninyi haikuwepo. Mimi nilikuwa msichana wa cherehani. Nilijua magauni, mashati na mashuka ya hospitali. Tanga nilikuwa nimeliona kwenye picha moja tu kanisani, ya wanafunzi wa Yesu wakiwa katika dhoruba, na katika picha ile lilikuwa limechanika.

Bosko alikuwa fundi magari, mikono myeusi kwa grisi na kichwa kisichotulia. Ukimpelekea redio mbovu, aliifungua kwanza ili ajue sauti inakaa wapi. Kuitengeneza kulifuata baadaye, na mara nyingine hakukufuata. Sasa alikuwa ametumwa Mbamba Bay kufufua lori, na nyuma ya nyumba aliyofikia akaiona mashua ndogo nyeupe ya faiba imepinduliwa, kuku wanalala chini yake. Mgeni mmoja kutoka Ulaya alikuwa akitembea nayo ziwani peke yake, akaugua, akarudi kwao, na hakuonekana tena. Mwenye nyumba akamwambia Bosko, nitengenezee mashine yangu ya kusaga, mimi kuku nitawatafutia banda jingine. Hivyo ndivyo kaka alivyopata mashua. Ndani ilikuwa na kijichumba cha kulala watu wawili wasiogombana.

Mlingoti wake ulikuwa umevunjika, lakini sisi huku hata mkaratusi tunauita mlingoti, kwa hiyo nusu ya kazi ya kuutafuta ilikuwa imekwisha. Nanga ikawa kipande kizito cha chuma cha lori bovu. Kilichobaki ni tanga.

Mama alisikiliza mipango yote akiwa anapepeta mahindi. Kisha akauliza, "Mtabeba nini humo? Dagaa?"

"Hatubebi kitu, mama," Bosko akajibu. "Tunafuata ufukwe, tunalala kwenye vighuba, tunaangalia."

"Mtu anasafiri kuangalia?"

Usimcheke mama yangu. Kwetu mtu alisafiri kwa sababu ya msiba, hospitali au biashara. Alipepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, ndipo akasema, "Basi nenda na Skola. Wewe ukianza kuangalia kitu kimoja, huoni kingine." Nami, mwanangu, nilitaka safari ile kuliko nilivyotaka kuolewa, ingawa hilo sikumwambia mtu.

Tanga la zamani lilikuwa limeliwa na panya. Nikalitandaza sakafuni nipime. Kingo zake hazikunyooka, zilitokeza nje kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nikasema moyoni, hili limevutika kwa uzee. Kwa fundi cherehani kitambaa kilichopinda ni kitambaa kilichokosewa. Nikachukua rula na chaki, nikanyoosha kila upande, nikashona mishono miwilimiwili ambayo hata leo ungeisifu. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini sikumuuliza mtu yeyote, hata lile tanga lenyewe lililokuwa limelala mbele yangu likinionyesha umbo lake.

Tulipofika Mbamba Bay asubuhi ilikuwa tulivu. Ufukweni tulimkuta mzee amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Watu walimwita Mzee Kalisti. Alikuwa baharia wa meli za ziwani mpaka miguu ilipomchoka, na sasa alikuja pale kila siku kuangalia nani anatoka na nani anaingia.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Za Songea?"

"Nzuri, mzee. Hivi, upepo wa leo ni mzuri?" Bosko aliuliza hivyo huku bega lake likiwa kwenye mashua, anaisukuma.

Mzee aligeuza uso akalitazama ziwa. Alitazama kwa muda, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake na hataki kuruka neno. Akafungua mdomo. Lakini wakati ule ule mashua ilielea, Bosko akarukia ndani akinivuta mkono, na sketi yangu ikalowa mpaka kiunoni. Nilipogeuka nyuma nilimwona mzee mdomo wake ungali wazi. Kisha akaufunga taratibu.

Mwanangu, kule nje kulikuwa kuzuri. Upepo wa kusini, ambao wenyeji wanauita mwera, ulikuwa mwepesi, ukitusukuma kwa nyuma kuelekea kaskazini. Mashua ilikwenda bila mlio wa injini, na Bosko, aliyeishi ndani ya milio ya injini, alikaa kimya kama mtu aliye kwenye misa. Nililala kifudifudi ukingoni nikachungulia. Maji yalikuwa meupe hivi kwamba niliona mawe makubwa kama nyumba, na kati yake samaki wadogo wa bluu, bluu kuliko uzi wowote niliowahi kununua sokoni. Nikajiuliza, kwa nini wamepambwa hivyo, na huko chini nani anawaona? Sijapata jibu mpaka leo, na silidai kwa haraka.

Kisha mwera ukakaza. Mawimbi yakaanza kuvaa kofia nyeupe, na Bosko akasema turudi ghubani. Hapo ndipo tulipojua kwamba mashua yetu ilijua kwenda, haikujua kurudi. Kila alipoielekeza pua yake upande wa upepo, tanga lilipigapiga kama shuka kwenye kamba, na mashua ikateleza kiubavu kama kaa, ikiifuata miamba iliyotokeza majini kaskazini ya ghuba. Tulijaribu tena na tena. Kila mara miamba ilikuwa mikubwa zaidi. Mimi nilisali Salamu Maria nikaichanganya na sala ya chakula.

Katikati ya hofu ile nililiinulia macho tanga langu, na kitu kikanichoma. Lilikuwa bapa kama mlango. "Kwa nini halivimbi?" nikauliza kwa sauti. Bosko alikuwa ameshika nanga. Akaitupa, ikakokota chini, tukahisi mashua ikitetemeka, kisha ikashika. Tulikuwa karibu na miamba kiasi kwamba mawimbi yaliyopasuka juu yake yalitunyeshea usoni.

Tukangoja. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na sisi siku ile tulikuwa chungu wawili katika kifuu cheupe, tumeshikana mikono kama watoto. Jua lilikuwa limepita utosini pale mwera ulipolegea kidogo, nasi tukaona mtumbwi unakuja, wavuvi wawili wanapiga kasia na Mzee Kalisti amekaa katikati. Alitushikisha kamba, akatuonyesha pa kuifunga, wakatuvuta mpaka ufukweni.

Tulipokanyaga mchanga Bosko alikuwa na aibu, na aibu ya kijana mara nyingi huja imevaa nguo za ubishi. Akasema, "Mzee, lakini nilikuuliza kuhusu upepo."

Mzee akakaa kwanza, akanyoosha miguu yake mibovu, kisha akajibu bila ukali. "Uliniuliza ukiwa unasukuma mashua, mwanangu. Lile halikuwa swali. Ulikuwa unaniaga."

Bosko akainamisha kichwa. Nami nikakitazama kidole changu cha shahada, chenye sugu ya mkasi, kwa sababu nilijua neno lile halikumpata yeye peke yake.

Nilidhani sasa zitafuata kelele. Badala yake mzee akasogea kwenye tanga lililokuwa limelowa pale mchangani, akalipapasa, akapitisha ukucha kwenye mishono yangu. "Nani kashona?"

"Mimi, mzee."

"Unashona nini siku zote?"

"Sare. Magauni ya harusi, yakija."

"Mimi sijui kushona hata kifungo," akasema. "Hebu nieleze. Kitambaa kinatoka dukani kimelala bapa. Mwanamke hajalala bapa. Unafanyaje mpaka gauni likamkaa kifuani?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa akitania. Alikuwa ameinamisha sikio, mzee mwenye mvi, akimngoja msichana wa cherehani. Basi nikamweleza kwamba kitambaa hukikati kwa mstari ulionyooka, unakitokeza kidogo, au unakunja sehemu na kuushona ule mkunjo, halafu ukiunganisha vipande, kile kilichozidi kinakuwa nafasi ya kifua. Nilikuwa bado nasema hivyo niliponyamaza ghafla. Niliziona tena zile kingo za tanga la zamani zilizotokeza nje kama tumbo.

"Endelea," mzee akasema.

"Mzee, tanga nalo lina kifua?"

Akacheka kwa sauti ndogo. "Hilo la kukata sijui. Ninachojua ni kwamba tanga linaloupanda upepo, linalokwenda upande upepo unakotoka, limevimba hivi," akanionyesha kwa kiganja, "na la kwako halikuvimba. Njia ya kutoka kwenye turubai mpaka kwenye kiganja hiki unayo wewe. Nifundishe nione."

Tukakaa kwake. Mkewe alitupikia ugali wa muhogo na dagaa, mama mmoja jirani akaniazima cherehani chake, na nikafumua kazi yangu nzuri mshono kwa mshono. Kufumua kulinitoa machozi, sitakuficha. Lakini kila asubuhi mzee aliweka kigoda chake pembeni yangu akauliza. Kwa nini sindano hii na si ile? Uzi ukiloa unavuta? Alipouliza, alikaa. Hakuwahi kunikatiza jibu hata lilipokuwa refu na la kitoto. Naye Bosko alijifunza kukaa hivyo hivyo, akiuliza habari za mwera na namna unavyotangulia kujionyesha milimani kabla haujashuka majini. Sikio halilali njaa, wanasema. Siku zile masikio yetu yalishiba.

Tanga jipya lilipopandishwa, likavimba. Mashua ikaegemea ubavu mmoja kama mtu anayesikiliza, ikaupanda upepo ikatoka ghubani, ikageuka, ikarudi mpaka miguuni pa mzee. Kisha tukaenda zetu. Tulifuata ufukwe hadi Liuli, kisha mbele, mpaka Manda, polepole, tukilala kwenye vighuba. Kila tulipotia nanga watu waliuliza tumebeba nini, nasi tukajibu tumekuja kuuliza. Wakacheka, lakini wakakaa. Tuliulizia majina ya miamba, dagaa wanavyoanikwa, na kwa nini mtumbwi wa huku una mdomo mwembamba kuliko wa kule. Nilirudi Songea na ngozi nyeusi inayong'aa, na mama akanikagua kama anahesabu viungo vyangu, kisha akaniambia nianze mwanzo, nisiruke.

Bosko hakurudi kabisa. Alihamia Mbamba Bay, akaoa huko, akatengeneza injini za watu, na alitembea na ile mashua mpaka faiba yake ikakataa kuzibika. Amelala huko huko, juu ya kilima, na ninamwombea. Mimi niliolewa hapa Songea, nikashona mpaka macho yalipochoka.

Mzee Kalisti nilimwona mara ya mwisho akiwa kitandani. Nilikuwa nimepanda basi kwenda kumfariji, nimejiandalia maneno ya faraja, na basi la kurudi lilikuwa lipige honi wakati wowote. Macho yake yalikuwa yamezimika. Alinishika mkono akauliza, "Skola, huko juu kwenu, baridi ya mwezi wa saba, mahindi yakiwa ghalani, watu jioni wanafanya nini?"

Nikamwambia, "Wanaota moto tu, mzee." Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu.

Hakuniachia mkono. "Hilo ni jibu la kuaga," akasema. "Nipe lote."

Nikakaa. Nikamweleza moto unavyowashwa, nani hukaa wapi, viazi vinavyofukiwa majivuni, utani wa wajomba, na umande unavyoanguka juu ya majani ya migomba. Nikasikia honi, nikasikia basi likiondoka, nikaendelea. Alikuwa akitabasamu kama mtu anayetembea mahali pageni. Alifariki siku chache baadaye, na nadhani huko alikofika anauliza.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa kuwa wewe una simu inayojibu kabla hujamaliza kuuliza, na sikulaumu kwa hilo. Nenda. Usingoje chombo kizuri, kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hata banda la kuku linaweza kuelea. Usiwaonee haya wanaosema mtu hasafiri kuangalia. Lakini ukimuuliza mtu, acha kwanza kusukuma mashua. Mwache alitazame ziwa lake. Ukikuta kitu kimepinda, usikimbilie rula, kiulize kwanza kimepinda kwa nini. Na siku ukiwa na mvi, mtoto akijua usichokijua, sogeza kigoda chako umsikilize. Na mtu akikuuliza, mpe jibu lote, hata kama basi linaondoka.

Mungu akujalie, mwanangu, miguu ya kwenda mbali na moyo wa kukaa chini unapofika. Upepo ukikukazia, nanga yako ishike. Na popote utakapotua, umkute mtu mwenye nafasi ya kukujibu, nawe uwe na nafasi ya kumsikia. Amina.