Mdomo wa Mama Spès

Goreth alipoletwa Mpanda kuolewa, akitokea makazi ya wakimbizi ya Katumba, alikuwa anajua Kirundi tu. Kiswahili alijifunzia sokoni, kwa kupatana bei. Neno la kwanza kulishika vizuri lilikuwa "ongeza", la pili "haijafika".

Baada ya miaka kumi na minane nyuma ya magunia ya maharage, hakuna aliyemweza. Mteja akiuliza, "Mama Spès, mwisho ngapi?" alijibu, "Mwisho anaujua Mungu, hapa maongezi yapo." Akitajiwa bei ya chini mno, alishika kiuno: "Baba, unanilalia mchana kweupe, watu wanaona?" Mteja alicheka, na anayecheka huongeza. Asubuhi alikuwa mpole, "Nifungulie tu biashara, nitakupunguzia." Jioni hashuki hata shilingi mia. Na aliyeondoka akisema atarudi, hakumwacha apite meza ya tatu. "Njoo basi tupatane!" Jirani yake Fausta, muuza dagaa, alisema mdomo ule ungeuza hata gunia tupu.

Mwezi wa tatu mwaka jana, akimpimia mtu maharage, kopo lilimtoka mkononi akaanguka. Hospitali walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakaondoka, ya Kirundi na ya Kiswahili, isipokuwa mawili: "Haya, chukua." Akitaka maji, "Haya, chukua." Mumewe Gratien akimuuliza anaumwa wapi, "Haya, chukua," huku akijipiga mdomo kwa mkono wa kushoto. Muuguzi alieleza kwamba wapo wagonjwa wanaobakiwa na lile walilozoea kulisema kila siku, na Goreth kila bei aliyoikubali aliifunga kwa hilo.

Miezi mitano baadaye alirudi mezani kwake. Gratien, mkulima mkimya, alimkatalia, akachoka kumkatalia. Wateja wa zamani walilipa bei aliyoonyesha kwa vidole, wakaondoka haraka kama watu wanaotoka msibani. Hakuna aliyemwambia "punguza". Hilo lilimuuma kuliko mguu.

Siku ya nne alikuja mwanaume mgeni, anataka madebe mawili. Goreth akaonyesha vidole vitano.

"Elfu hamsini debe? Nakupa ishirini na tano."

"Haya, chukua," mdomo ulisema. Mkono wa kushoto ulikamata gunia, ukalivuta kifuani.

"Si umekubali mwenyewe?"

"Haya, chukua! Haya, chukua!" Alikuwa anatikisa kichwa, jasho linamtiririka.

Fausta aliacha dagaa zake. "Kaka, huyu ni mgonjwa. Hajakubali. Angalia mkono wake."

"Mimi nasikiliza mdomo. Nyie wote mmesikia."

Watu wakagawanyika. Wengine walimwita mwizi, wengine wakasema sokoni bei ikishakubaliwa haivunjwi. Wakati wanabishana, mgeni alipima kwenye gunia jingine, akaweka noti mezani, akabeba mzigo wake.

Habari zikaenea. Wiki ya pili alikuja Yustina wa Kawajense, waliyeimba naye kwaya miaka mingi. Alitaja nusu ya bei kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye maharage. Goreth aliuma midomo. Alikaa hivyo muda mrefu, mishipa ya shingo imesimama.

"Sema basi, dada," Yustina alimbembeleza. "Nikupe hiyo?"

Midomo ikafunguka. Yustina akafungua mfuko wake.

Gratien alijaribu kuuza badala yake. Aliambiwa "punguza", akapunguza. Akaambiwa "mwisho ngapi", akataja mwisho wa kweli, kisha akashuka tena. Pembeni yake Goreth alikuwa anampiga paja kwa ngumi. Kabla ya Krismasi walikabidhi meza kwa mtu mwingine.

Sasa wako Ilembo, wanaishi kwa shamba tu. Madalali wakija uani wakati wa mavuno, Goreth akiona mumewe anaanza kukubali, huburuta mguu mpaka nyuma ya nyumba, asikosikia wanachopatana. Binti yao Spès, aliyeolewa Inyonga, hupiga simu kila Jumapili. Mama huweka simu sikioni, amefumba mdomo kwa nguvu, na Spès husikia pumzi tu mpaka salio linapokwisha.