Nyongeza ya Wabwire

Zedekiah Ooko alitumikia jeshi miaka ishirini na mmoja na kustaafu akiwa koplo. Angepanda zaidi, lakini alikuwa na tabia ya kuuliza. Alirudi mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kwenye nyumba alimozaliwa, akafanywa mwandishi wa chama cha maziko, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki ambaye mwandiko wake ulisomeka.

Chama hicho husafirisha maiti za wanachama hadi kwao magharibi. Zamani, mtu wa reli au wa kaunsili akiongezwa mshahara, alisimama mwenyewe ukumbini Jumapili akataja atakachoongeza kwenye mchango. Hakuna aliyemuuliza. Siku hizi watu husikiliza redio, kisha wanakuja kuulizana.

Redio ilitangaza kwamba wanajeshi wameongezwa asilimia kumi. Jumapili iliyofuata mwenyekiti Shitanda, ambaye mwanawe ni kanali, alisimama.

"Kila mwenye mtoto jeshini ataongeza elfu moja kwa mwezi. Asiyeweza atupishe."

Wenye watoto jeshini walikuwa wawili: yeye na Nekesa, mjane anayeuza dagaa wa omena mlangoni pake. Mwanawe, Wabwire, ni askari wa cheo cha chini kabisa, yuko mpakani.

"Mwenyekiti, Wabwire ameongezwa elfu tatu," Nekesa akasema. "Ananitumia mia sita. Hiyo elfu niichume wapi?"

"Mama Wabwire, jeshi ni moja. Mkubwa kwa mdogo, wote asilimia kumi. Haki gani tena unataka?"

Zedekiah akaweka kalamu chini.

"Asilimia kumi ya kanali ni elfu ishirini na tano, Mwenyekiti. Na kanali halali kwenye handaki. Lakini sawa, kama asilimia ndiyo haki, na sisi tuitumie. Kila mzazi atoe sehemu ya kumi ya nyongeza ya mwanawe. Mama Wabwire mia tatu. Wewe elfu mbili na mia tano."

Shitanda akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Koplo, chama si jeshi."

"Umesema sasa hivi haki ni asilimia."

"Na gari la kubeba maiti ni la nani?"

Gari lilikuwa la kanali. Watu wakakumbuka kwamba wana miili, na kwamba kwao ni mbali. Kura ikapigwa kwa mikono. Waliotaka elfu moja walikuwa thelathini na mmoja. Waliokataa, wawili. Zedekiah aliandika hesabu hiyo kwa mwandiko mzuri, akapigia mstari kwa rula.

Kila mwanachama huja na kigoda chake, kimeandikwa jina kwa rangi. Nekesa alikibeba chake, akatoka. Zedekiah naye akabeba chake, daftari na rula kwapani.

"Koplo!" Shitanda akaita. "Daftari ni mali ya chama."

Zedekiah akarudi, akaliweka mezani. Akaweka na rula. Kalamu akaondoka nayo, kwa kuwa alikuwa ameinunua mwenyewe.

Nekesa alikuwa akimngoja langoni, kigoda kichwani.

"Mzee, wewe ulikuwa umemaliza kulipa. Sasa tutazikwa wapi?"

"Makaburini Lang'ata, na watu wa mjini."

"Mbali na watu wetu?"

"Mbali. Lakini nilienda kumzika mtu kule, nikapima kwa hatua. Shimo la mkubwa na la mdogo ni sawasawa. Asilimia haijafika huko."

Nekesa akahamisha kigoda hadi begani, wakaenda.