Mtungi Usiofukizwa

Mke mwenzangu Mwanatumu, Mungu amrehemu, alikuwa na kichwa kigumu, na sitamsifu eti kwa kuwa tu amekufa. Kijiji chetu kizima cha Mwabungo kilimjua kwa kuvua pweza. Lakini mwaka wa hamsini na sita alianza kuokota konokono wa bahari wasio na kombe, wale laini, kwa ajili ya bibi mmoja wa Kizungu aliyepanga nyumba Diani. Kazi ya bibi huyo ilikuwa kuwapanga wanyama hao kwa koo zao. Wanawake wakamcheka: "Mwanatumu sasa avua makamasi!"

Shida ilikuwa mmoja mweusi mwenye vipele vya manjano. Kuna ukoo unaobeba mashavu ya kupumulia mgongoni, yakifunguka ni ua kabisa. Ukoo mwingine huyaficha chini ya ubavu. Huyu akifa hujikunja, huoni kitu. Ilikuwa lazima aonekane yu hai, na bibi alikuwa karibu kusafiri.

Mwanatumu akamtia katika mtungi wetu wa maji ya kunywa ili asipate joto njiani. Kufika Diani, amekufa. Alirudi analia.

Nikaunusa mtungi. "We Mwanatumu! Si jana tu nimeufukiza ubani? Moshi ndio uliomuua!"

Lakini nani kwetu asiyefukiza mtungi wake? Hata mimi nisingekumbuka.

"Kesho asubuhi maji yakitoka nitafute mwingine, ndiyo nafasi ya mwisho, jioni bibi anaondoka," akasema. "Basi, watanicheka mpaka kaburini."

Hapo nilipandwa na hasira. Konokono wake walinitia kinyaa, lakini watu waicheke nyumba yetu? Thubutu! Nikautoa mtungi wangu mpya, haujaonja moshi, ambao nilikuwa nimemkataza hata kuugusa.

"Chukua. Na ukiuvunja usirudi."

Asubuhi nilimfuata hadi barazani kwa bibi. Konokono mpya akamiminwa bakulini, akalala kimya. Tukangoja. Mara mgongo ukafunguka, ua likatoka, jeupe, linacheza majini. Bibi akamkumbatia Mwanatumu. "Ni wa ukoo wa ua!" Nasi tukapiga vigelegele, na tulivipiga tena tulipopita mbele ya wale waliocheka.

Mtungi ulinuka bahari, haukufaa tena kwa maji ya kunywa. Mume wetu Alfani akauliza ni nani aliyeuharibu mtungi wangu.

"Mtungi wetu," nikamjibu.