Kadi ya Mtoto wa Ami

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, mwanangu, na naikumbuka kwa koo langu. Nilikuwa na mafindofindo yaliyonizuia hata kumeza mate, na bado nilikuwa nimekaa kwenye cherehani huko Satwa nikishona mabuibui ya watu. Arbab wangu, tajiri niliyemfanyia kazi, hakuwa amenikatia kadi ya matibabu. Siku hizo hakuna aliyemlazimisha.

Nunu, mtoto wa ami yangu, yeye alikuwa nayo. Baba yangu na ami walitoka Unguja pamoja, wakaja nchi hii ya Waarabu, wakafikia chumba kimoja Al Baraha. Ami akapata uraia, baba hakupata. Usiniulize kwa nini, maana hata wao waliulizana mpaka wakachoka. Basi Nunu akiumwa serikali inabeba kila kitu, daktari, dawa, kitanda chenye pazia. Mimi nikiumwa nachemsha tangawizi. Tulizaliwa mwezi mmoja na tuna paji moja la uso, la bibi yetu. Nilimwonea gere, wallahi nilimwonea gere mpaka nikawa sipendi kumwona akicheka.

Jumatatu hiyo alinihurumia. "Chukua kadi yangu uende," akaniambia. "Picha yenyewe ndogo, nani atatutambua? Yalla, usije ukafa bure."

Nikaenda. Nilipoitwa "Nunu" nikanyanyuka kwa madaha, na hapo ndipo raha yangu ilipokuwa, kuliko hata dawa. Daktari akafungua faili, la karatasi wakati huo, akanionyesha maandishi ya wino mwekundu. "Imeandikwa penisilini inakudhuru." Mimi nilikuwa nimechomwa sindano hiyo tangu utotoni na haijanifanya kitu. Ningeweza kusema nitakunywa dawa nyingine. Lakini nilitaka kupona upesi, tena nilishanogewa na kujifanya mwenye kadi. Nikamjibu, "Hayo ya zamani, daktari. Khalas, yamekwisha." Akanichoma, akaningojesha kidogo, akaniona mzima. Akachukua kalamu akayakata yale maandishi mekundu.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nilijiona nimesitirika kabisa. Nunu sikumwambia.

Ukapita mwaka kasoro, Nunu akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu homa ikampanda, akawa analala na kuweweseka. Nilikuwa mimi kando ya kitanda chake, mama yake amekwenda kuswali adhuhuri. Akaingia Bi Rukia, muuguzi mtu mzima wa kwetu Unguja, kashika chupa ya dripu ya penisilini na lile faili. Akalitazama, akakunja uso.

"Hapa palikuwa na onyo la penisilini, limekatwa," akasema. "Mwanangu, wewe ndugu yake. Huyu dawa hii haimdhuru?"

Nilinyamaza.

Nitakueleza kwa nini, maana nimeshazeeka na sina wa kumwogopa. Niliogopa nikisema nitashikwa, baba afutiwe ukaazi. Hiyo ndiyo sababu ninayoitoa mbele za watu. Lakini palikuwa na nyingine. Nilitazama lile pazia, zile shuka, mtoto kitandani kwake, nami sina mtoto wala kadi, na moyo ukaniambia, mwache naye aonje. Hasidi hana sababu, mwanangu. Nunu hakuwa amenikosea lolote isipokuwa kunipa.

Bi Rukia akachukulia kimya changu kuwa ni hapana, haimdhuru. Akamchoma Nunu sindano ya dripu mkononi, akaifungulia dawa. Nikaona midomo ya Nunu ikianza kuvimba, pumzi ikamkata, ndipo nikapiga kelele, "Itoe! Inamuua! Niliyedanganya ni mimi!" Akaichomoa, wakaja madaktari wakahangaika naye. Alipona, alhamdulillahi.

Bi Rukia alinivuta ukumbini. Hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. "Ungemeza dawa ya serikali tu, ningekustiri," akasema. "Serikali itanunua nyingine. Lakini faili ndilo linalomsemea mgonjwa akiwa hajiwezi, na wewe umelifundisha uongo. Kama unaona mpango huu unawapa hawa na kuwanyima nyie, nenda kawakasirikie waliopanga. Huyu aliyelala hapa alipanga nini?"

Akaenda kuandika upya kwa wino mwekundu. Jina langu hakulitaja kwa mtu.

Kumbe Nunu alisikia katika homa yake, na alipopata nguvu aliniuliza neno moja tu. "Bi Rukia alipokuuliza, ulijua?" Nikamwambia nilijua. Akanisamehe, nasi mpaka leo tunapelekeana sahani za futari. Ila akiumwa nikimpelekea uji, ananishukuru vizuri, anauweka pembeni, na sijapata kumwona akiunywa.

Sasa juzi nimekusikia, wewe unayefanya kazi hotelini Al Mankhool, ukilalamika kwamba bima yako inaishia kliniki ndogo na mwenzako analazwa penye zulia. Una haki ya kulalamika. Mimi mwenyewe nikipita penye hospitali ile, uongo dhambi, roho bado inanisokota. Mipango ya watu haigawi sawa, na anayekwambia wivu huisha kwa uzee hajazeeka.

Lakini usisafirie nyota ya mwenzio. Siku hizi sheria inamtaka kafeel wako, huyo tajiri aliyekudhamini, akukatie bima, basi mdai, tena mdai kwa sauti. Isome kadi yako ujue inafika wapi na inakoma wapi. Ikiwa haitoshi, sema haitoshi, kwa wenye kupanga, pamoja na wenzako. Usiingie kwa daktari na jina la mtu, wala usimpe mtu jina lako, hata kwa huruma. Na wivu ukikushika, mwambie mtu mapema ungali na haya, maana ukiuficha utakuja kukujibia siku usiyoitaka.

Mungu akupe afya kwa jina lako mwenyewe, mwanangu. Akupe ndugu watakaokunywa uji wako wakiwa wagonjwa, bila kukutazama usoni kwanza. Amin.