Somo la Mvua

Simuleta ya shule yetu ya udereva ni kiti kimoja, usukani, pedali tatu na skrini kubwa. Ilipoletwa niliichukia. Miaka mingi nilikuwa nimefunza watu kwa ubao wa mji wa kuchezea na vigari vya plastiki, kisha moja kwa moja barabarani. Sasa kanuni zinataka mwanafunzi amalize kwanza masomo yote ya mashine, na mwalimu atie tiki kwenye fomu. Mimi nikaiita sinema. Ujuba huo umenitokea puani.

Alikuja kujifunza mwanamke mmoja wa Mji wa Kale. Alikuwa akiwapikia makarani wa bandarini Kilindini chakula cha mchana, na alichoka kubembeleza madereva wa tuktuk wampelekee masufuria. Alikuwa mwepesi wa kushika. Tulibakisha somo moja tu la mashine, la kufunga breki kwenye barabara yenye maji. Nje jua linawaka, nami nimechoka kukaa ndani. Mvua gani ya kwenye runinga? Nikamwambia mashine tumeimaliza, twende barabarani. Tiki niliitia nikiwa nimesimama mlangoni.

Akafaulu mtihani. Mvua za masika zilipoanza, alikuwa akiendesha gari kupita Mbaraki, bintiye kando yake. Mkokoteni ukakatiza mbele yake, akakanyaga breki kwa nguvu zote, gari likateleza hadi ukutani. Yeye alitoka mzima. Mtoto alivunjika mkono.

Nilikwenda kuwapa pole, nikamkuta akinitetea kwa jamaa zake. "Mwalimu wangu alinifunza vyema. Ni mimi n'lokosa." Nikainywa kahawa yao, nikaaga bila kuitaja ile tiki. Niliona haya hata mtoto nilishindwa kumtazama.

Tangu siku hiyo hakugusa usukani. Masufuria yakarudi kwenye tuktuk. Baada ya miezi kadhaa nikamwita shuleni, nikidai ni kumrudishia moyo tu, nikamfungulia somo la mvua. Akakanyaga, gari likateleza. Akajaribu tena, likateleza. Mara ya tatu alikanyaga taratibu, likasimama.

"Mwalimu, hili n'lilifanya? Mbona silikumbuki?"

Fomu yake ilikuwa mezani. Akaitazama, akaiona tiki.

"Kumbe n'lifanya. Basi kitwa changu ndicho kibovu. Sifai kuendesha mimi, ntakuja kumuua mwanangu."

Hapo sikuweza kuficha tena.

"Kichwa chako kizima, dada yangu. Sikukufunza. Nilitia tiki bure."

Hakupiga kelele. Lau angenitukana, ningeshukuru. Aliivuta fomu karibu, akaweka kidole kwenye tiki ya kwanza kabisa.

"Na hili?"

"Hilo nilikufunza," nikasema. "Wallahi nilikufunza."

Kidole chake hakikusogea.