Hakimu na Pampu ya Isiukhu

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, aliyekunywa chai mjini Kakamega alikuwa amekunywa jasho la Protus Lumbasi na la fahali wake. Maji ya hoteli, ya vinyozi na ya maduka ya Wahindi yalichotwa mto Isiukhu, yakapanda kilima ndani ya mapipa mawili juu ya mkokoteni, na mkokoteni ukivutwa na fahali huyo, aliyeitwa Hakimu. Hakimu hakuwa na haraka na mtu. Alisimama alipotaka, akakojoa mbele ya posta kila asubuhi, na Protus akamngoja kwa adabu kama karani anavyomngoja mkubwa wake amalize kuzungumza kwenye simu.

Adabu hiyo ilikuwa na sababu. Hakimu hakuzaliwa kuvuta maji. Alikuwa fahali wa kupigana, wale ambao Waisukha huwaamsha alfajiri kwa ngoma za isikuti na kuwasindikiza hadi uwanjani, ambako fahali anayegeuza mgongo kwanza ndiye aliyeshindwa. Alishinda mara nne. Mara ya tano alitazamana na fahali mmoja kutoka Iguhu, akafikiri kidogo, akageuka na kuondoka zake kupitia shamba la mihogo la watu. Umati ulicheka hadi wengine wakakaa chini. Mtu mwingine angemchinja jioni ile ile, lakini Protus alimpenda mno yule mnyama, na tena hakuweza kustahimili kuwaona waliocheka wakitafuna nyama yake. Akanunua mkokoteni. Tangu siku hiyo, kwa miaka mitano, hakuna aliyemwona Protus kwenye uwanja wa fahali. Ukimuuliza alisema ana kazi nyingi. Kusema kweli aliona haya, na haya hiyo haikumtoka.

Sasa Kakamega ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa, na kila mwenye tai aliamka na neno maendeleo mdomoni. Ikaundwa kamati ya maji. Mwenyekiti wake alikuwa Sylvanus Ingosi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hata akikusalimu unajihisi umechelewa shule. Kamati ikaleta pampu ya dizeli: nyeusi, tumbo kubwa, na bomba la moshi lililosimama wima. Ikawekwa ukingoni mwa Isiukhu ili isukume maji hadi kwenye tangi la kilimani, na kutoka hapo yateremkie mabombani hadi mjini. Protus aliizunguka mara mbili. Hakuhitaji kuelezwa kwamba siku kitu hicho kitakapoanza kukohoa, mapipa yake yatakauka, na pamoja nayo karo ya binti yake Navalayo.

Sylvanus akamwita ofisini.

"Protus, mji hauwezi kuwa makao makuu ya mkoa huku ng'ombe anakojoa mbele ya posta."

"Anakojoanga haraka tu, Bwana Mwenyekiti."

"Sikiliza. Kamati imekuchagua uwe mlinzi wa pampu. Mshahara kila mwisho wa mwezi, koti juu. Lakini siku ya ufunguzi tuna mgeni mkubwa kutoka Nairobi. Huyo ng'ombe asionekane. Akionekana, kazi hakuna."

Protus akavaa koti papo hapo. Lilikuwa la kaki, vifungo vya shaba, na lilimshuka hadi magotini, lakini alitembea nalo mji mzima akijifanya anatafuta mtu. Koti lilimlevya kidogo. Kamati ilipokutana kupanga sherehe, na Sylvanus akapendekeza kwaya ya shule, mlinzi wa pampu aliyekuwa amesimama mlangoni akainua mkono.

"Wakubwa wangu, huyu mgeni anaimbiwanga na kwaya kila mahali anaenda. Sisi tumpatie isikuti, ajue amefika kwetu."

Wanakamati wakapiga makofi. Wazo la Protus Lumbasi likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na yeye akarudi nyumbani kifua mbele. Hapo ndipo mtu mwenye akili angemshika mkono na kumuuliza swali moja tu. Hakuna aliyemshika, na yeye mwenyewe hakujiuliza. Alikuwa amekaa miaka mitano akijitahidi kusahau kwamba Hakimu aliwahi kuwa kitu kingine zaidi ya mvuta mapipa, na alikuwa amefaulu vizuri sana.

Siku ikafika. Viti vikapangwa ukingoni, pampu ikafungwa utepe, na Protus akasimama kando yake amekakamaa, ndevu amenyoa mpaka ngozi ikamwasha. Hakimu alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba chini ya ulinzi wa mke wa Protus, Ayuma.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo kamati haikuliona. Mama Khalayi, mpishi wa karamu, alikuwa na majungu ya ugali wa obusuma, kuku thelathini wa ingokho wamechinjwa, na hana tone la maji, kwa sababu maji ya pampu yangeanza kutoka baada ya mgeni kukata utepe. Akamwendea Ayuma.

"Mama Navalayo, niokoe. Wageni watakula ingokho na manyoya?"

"Baba Navalayo amesema ng'ombe asionekane."

"Na chai nitapika na nini, koti?"

Ayuma aliliona hilo kuwa neno la maana. Akamfunga Hakimu kwenye mkokoteni, akampitisha njia ya nyuma hadi kivukoni, hatua mia mbili chini ya sherehe, mahali palipofichwa na matete. Asionekane, na kweli hakuonekana. Ayuma alikuwa amejaza pipa la kwanza wakati fundi alipoiwasha pampu ipate moto, ikaanza kunguruma na kutoa moshi, na mgeni kutoka Nairobi akashuka garini. Sylvanus akawapa wapiga ngoma ishara kwa kichwa.

Isikuti ikalia.

Protus alikuwa wa kwanza kuelewa. Alisikia mlio wa ngoma, akasikia jibu lake kutoka kwenye matete, mkoromo mzito ambao hakuwa ameusikia kwa miaka mitano. Kisha matete yakapasuka. Hakimu akatokea na mkokoteni, akapoteza gurudumu, akapoteza mapipa, akabaki na mti mmoja tu wa mkokoteni ukining'inia ubavuni. Ayuma alikuwa nyuma yake akikimbia na kata mkononi.

Wapiga ngoma wangeweza kunyamaza. Lakini walikuwa Waisukha, na tangu lini Mwisukha akaona fahali anakuja akaacha kupiga ngoma? Wakazidisha. Na umati, bila kuambiwa na mtu, ukarudi nyuma ukafanya duara, ukimwacha mgeni mkubwa na kiti chake ndani ya uwanja. Mgeni akapanda juu ya kiti.

Hakimu akatafuta mpinzani. Wa kumfaa alikuwa mmoja tu: mweusi, tumbo kubwa, ananguruma, anatoa moshi, na hakuwa akirudi nyuma hata hatua moja. Hakimu akainamisha kichwa.

"Protus, mshike!" Sylvanus alipaza sauti.

Hakuna aliyeweza kumshika. Alisukuma mara ya kwanza, pampu ikatikisika. Watu wakaanza kuimba. Alisukuma mara ya pili, bolti zikalia. Alirudi nyuma kidogo, na Protus akafumba macho, kwa maana hivyo hivyo ndivyo alivyofanya siku ile kabla ya kugeuka kuelekea kwenye mihogo. Moyo wake, Mungu amsamehe, haukuwa ukiiombea pampu. Alipofumbua, Hakimu alikuwa amerudi na uzito wake wote. Pampu ikalala kwa ubavu, ikakohoa mara mbili, ikateleza ndani ya Isiukhu ikiwa na utepe wake, ikanyamaza.

Katika sheria za uwanja wa fahali, jambo hilo halina mjadala. Watu walivunja matawi wakaanza kumzunguka Hakimu wakicheza, wajumbe wawili wa kamati wakiwemo.

Mgeni alisema kutoka juu ya kiti, "Huyu ng'ombe ni wa nani?"

Ngoma zikatulia. Sylvanus akamtazama Protus, akatikisa kichwa taratibu, na kila mtu alielewa maana yake: nyamaza tu, ng'ombe asiye na mwenyewe si kosa la mlinzi. Kazi ilikuwa bado iko. Mshahara ulikuwa bado uko, na karo ya Navalayo ndani yake. Protus akamtazama Ayuma. Ayuma, akihema, kata mkononi, alisema, "Baba Navalayo, si unaulizwa?"

Protus akafungua vifungo vya shaba kimoja kimoja. Akalikunja lile koti vizuri, akaliweka juu ya meza ya kamati, akaingia katikati ya duara na shati lake lililochanika kwapani.

"Ni wangu," alisema. "Anaitwa Hakimu. Nilimlea mwenyewe."

Akacheza mbele ya fahali wake, alivyopaswa kucheza miaka mitano iliyopita, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Watu wanasema hata mgeni alipiga makofi, ingawa hakushuka kitini.

Jumatatu mji ukaamka hauna pampu. Protus alikuwa ametengeneza gurudumu. Alipofika mbele ya posta na mapipa yamejaa, foleni ilikuwa imezunguka jengo lote, na wa tatu kutoka mbele alikuwa Sylvanus Ingosi, amevaa tai, ameshika debe. Hakimu akasimama. Wote wakangoja amalize kukojoa.