Jina Alilofundishwa Oska

Jirani yangu hapa Silicon Oasis, Dubai, ana mbwa. Asubuhi, anapomfunga kamba, kile kibanio cha chuma hulia "ta" mlangoni pake, nami huacha nilichoshika. Sauti hiyo hunirudisha kando ya mfereji wa bahari, nikiwa mtoto wa miaka kumi, na husikia mtu akiuliza Penina yuko wapi.

Nianze taratibu ili twende pamoja. Mama alifanya kazi hotelini, mtaa wa Al Garhoud, na siku za wikendi aliniacha kwa Anti Penina, rafiki yake wa tangu Kakamega, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja karibu na mfereji. Kila jioni Anti alitembeza mbwa wawili wa madam wake: Bela, mdogo asiyetulia, na Oska, mzee mwenye mdomo mweupe. Mimi na rafiki yangu Salma tulifuatana naye. Ulikuwa mwezi wa tatu, baridi imekwisha na joto halijaja, na hewa ilinukia chumvi na nyasi zilizokatwa.

Salma alitoka katika familia ya Kizanzibari iliyokaa huku miaka mingi. Alivaa shingoni darubini ya babu yake, ikimgonga tumboni kila hatua. Aliwakwepa wale mbwa. "Mwekeni mbali huyo, mie nna udhu," alisema, lakini ndiye aliyeuliza kila mara kama Oska amekunywa maji.

Tulitazama ndege. Yangeyange walisimama ukingoni kama waliosahau walichofuata, na mnandi alianika mabawa yake kama nguo. Ukisema "yule mweusi," Salma alikukatiza: "Ana jina lake."

Siku moja Anti alicheka, kicheko kikavu. "Haki nyinyi watoto. Ndege wote hawa mnawajua majina. Mimi pale kwa madam sina."

Kabla yake alikuwapo mfanyakazi aliyeitwa Rozi. Anti alipofika, madam alimwambia kwamba naye ataitwa Rozi, kwa kuwa nyumba nzima imeshazoea. Rozi wa kwanza alikwenda wapi? Amerudi kwao, watu wa nyumba waliambiana, wakaishia hapo. Lakini ndara zake zilikuwa bado chini ya kitanda cha Anti, na Oska alilala na pua yake juu ya ndara hizo. Na kila tulipofika kwenye ngazi zilizo chini ya daraja, Oska aliketi, akatazama kipandio cha chini kilichokuwa kitupu, akatikisa mkia. Salma alikuwa akianza kusoma dua kimyakimya. Mimi nilimshika Anti nguo.

"Muacheni," Anti alituambia. "Hapo ndipo alipokuwa akipumzika na Rozi. Anamngoja."

Mkataba wake ulikuwa ukingoni. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuondoka: mtu mmoja wa nyumba ile alijue jina lake. "Hata kama ni huyu mbwa," alisema. Basi akatushikisha kamba, akajificha nyuma ya nguzo ya daraja na kipande cha kuku mkononi, nasi tukauliza, "Oska, Penina yuko wapi?"

Oska alituvuta hadi kwenye ngazi, kwa Rozi.

Ikawa hivyo kila wikendi, jioni baada ya jioni. Anti alitokeza kichwa nyuma ya nguzo. "Kwake bado sijafika," alisema, na kujificha tena. Hatimaye, jioni moja, Oska alisimama ngazini, akanusa, akageuka, akaizunguka nguzo. Anti alipiga magoti akamkumbatia shingo. Alikaa hivyo mpaka Bela akachoka kubweka.

"Khalas," alisema, akijifuta uso. "Sasa naweza kwenda."

Akaenda kwao kabla joto halijaanza. Mwaka uliofuata, majira yaleyale, tulikuta kamba zimeshikwa na msichana wa Uganda tusiyemjua. Tulimwamkia, tukamuuliza jina.

"Rozi," alijibu, akiangalia pembeni.

Salma aliinama. "Oska, Penina yuko wapi?"

Mzee yule alitega masikio. Akaenda ngazini, akasimama kidogo. Kisha akaenda kwenye nguzo, akaizunguka, akaizunguka tena, akaketi akitazama mahali pasipo na mtu, mkia ukifagia vumbi. Nilidhani anawaona wote wawili.

"Penina ni nani?" msichana aliuliza. Tukamweleza.

Leo ninakwenda kazini na beji yenye jina langu kifuani, na ndipo ninapoelewa. Oska hakuwa akiona mizimu. Katika nyumba ile, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba walikuwa wanawake tofauti, na kwamba hawapo.

Jioni ile msichana alitusikiliza mpaka mwisho. Juu yetu magari yalipita darajani. Kisha akanishikisha kamba ya Oska, kibanio kikalia "ta" kwenye ukosi wake.

"Mimi ni Nakato," alisema, akatembea kuelekea nyuma ya nguzo.